Ubakaji, Unajisi na "Chagulaga": Maana na Historia ya Istilahi za Ukatili wa Kingono kwa Mfano wa Bugarama, Msalala

Ikisiri

Makala haya yanafafanua maana ya istilahi ubakaji kwa kuilinganisha na maneno mengine yanayotumika kutaja ukatili wa kingono katika Kiswahili, pamoja na neno la Kisukuma chagulaga linalofahamika katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita. Hoja kuu ni kwamba kila neno kati ya hayo linabeba, katika mzizi au katika viambishi vyake, jibu la swali moja: utashi ulikuwa wa nani? Jibu hilo lina uzito mbele ya sheria na katika maisha ya mtendewa.

Istilahi muhimu: ubakaji, unajisi, chagulaga, ridhaa, kauli ya kutendana

1.0 Utangulizi

Bugarama ni kata iliyomo katika Halmashauri ya Wilaya ya Msalala, mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Lugha ya wenyeji walio wengi ni Kisukuma. Hata hivyo, uchimbaji mkubwa na mdogo umewaleta pamoja watu wa mikoa mingi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, machimboni, shuleni na katika ofisi za serikali. Kwa hiyo, tendo moja la ukatili linaweza kutajwa kwa Kisukuma nyumbani, kwa Kiswahili kituo cha polisi, na, kwa miaka mingi, kuandikwa kwa Kiingereza katika kumbukumbu za mahakama. Katika kila hatua ya safari hiyo neno hubadilika, na neno linapobadilika, maana nayo inaweza kupungua au kupotoka.

2.0 Familia ya maneno na asili zake

2.1 Ubakaji

Nomino ubakaji imeundwa kutokana na kitenzi -baka kwa kuongezewa kiambishi awali u- na kiambishi tamati -ji, sawa na uandikaji kutokana na -andika. Mtenda ni mbakaji. Neno hili lisichanganywe na nomino baka (wingi mabaka) yenye maana ya doa, ambalo linafanana nalo kwa umbo tu. Jambo linalostahili kuangaliwa ni mwenendo wa kitenzi hiki katika kauli mbalimbali. Husemwa alimbaka na alibakwa. Lakini kauli ya kutendana haitumiki. Kitenzi kinamtenga mtenda na mtendewa, wala hakiruhusu wawili hao kuwekwa pamoja kama washirika wa tendo moja.

2.2 Kujamiiana

Kinyume chake ni kitenzi kujamiiana, chenye asili ya Kiarabu na dhana ya kukusanyika, kilichopewa kiambishi cha kutendana -an-. Hapa watu wawili hushiriki kwa usawa. Sheria ya mwaka 1998 iliyorekebisha Kanuni ya Adhabu kuhusu makosa haya hujulikana kwa Kiswahili kama Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Hivyo sheria iliyokusudiwa kumlinda mtu aliyelazimishwa imebeba katika jina lake kitenzi cha watu waliokubaliana. Kosa hili ni la jina, si la maudhui ya sheria. Hata hivyo, linaonyesha jinsi istilahi inavyoweza kwenda upande mmoja na dhana upande mwingine.

2.3 Kunajisi, kulawiti, kuharibu na kudhalilisha

Kitenzi -najisi kinatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya uchafu, hususani ule unaohitaji kutoharishwa kabla ya ibada. Nchini Kenya, ambako Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inatenganisha kosa dhidi ya mtu mzima na kosa dhidi ya mtoto, unajisi limezoeleka kuwa jina la kosa la pili. Tanzania Bara haina utengano huo: kumwingilia msichana mwenye umri chini ya miaka 18 ni ubakaji. Tofauti hii si ya msamiati tu. Anayesema "mtoto amenajisiwa" anaeleza hali ya mwili wa mtoto, yaani kwamba sasa una uchafu. Anayesema "mtoto amebakwa" anaeleza alichotendewa. Aibu inayobebwa na neno la kwanza humwangukia asiye na hatia.

Kasoro hiyo imo pia katika kauli "amemharibu", inayomfanya msichana aonekane chombo kilichopoteza thamani. Kulawiti kumetokana, kupitia Kiarabu, na jina la Nabii Lut'i, na hutaja namna ya tendo bila kusema lolote kuhusu ridhaa. Udhalilishaji, neno linalotumika sana Zanzibar, limetokana na dhana ya unyonge: linamtaja vizuri anayemshusha mwenzake, lakini ni pana mno kuwa jina la kosa moja.

3.0 "Chagulaga": amri inayojifanya hiari

Usukumani linafahamika neno chagulaga, au kwa urefu chagulaga mayu. Mayu ni mama, na hutumika kumwita mwanamke kwa heshima. Chagulaga ni amri: "chagua". Mzizi wake ni ndugu wa kitenzi cha Kiswahili -chagua, ambacho kimepoteza sauti l lakini huirejesha katika chaguliwa. Kiambishi -aga ni cha mazoea, na wasemaji wa Kiswahili cha Bara wamekiazima katika maumbo ya mazungumzo kama "anakujaga".

Desturi inayoitwa kwa jina hilo ni ya vijana wa kiume kumfuata au kumzingira msichana, pengine anapotoka gulioni au ngomani, na kumtaka amchague mmoja wao. Kisarufi, msichana ndiye mtenda: yeye ndiye achague. Kwa hali halisi, hana nafasi ya kutochagua yeyote. Neno linampa utashi ambao mazingira yamekwisha kumnyang'anya, kisha kesho yake jamii husema, "Si alichagua mwenyewe?"

Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinajibu swali hilo. Ridhaa iliyopatikana kwa nguvu, vitisho au hofu ya kudhuriwa si ridhaa. Ushahidi kwamba mtendewa alipambana si lazima. Na kwa aliye chini ya miaka 18, ridhaa haizingatiwi, isipokuwa pale sheria ilipomtaja mke aliyetimiza miaka 15 ambaye hajatengana na mumewe. Kidole kilichonyooshwa katikati ya duara la vijana hakiwezi, basi, kuitwa chaguo.

4.0 Neno mbele ya mahakama

Mwaka huohuo wa 1998, tarehe 2 Septemba, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilitoa hukumu dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba. Mashahidi walitumia maneno manne ya Kinyarwanda: gusambanya, lenye dhana ya kuzinisha, kurungora, kufanya ngono, kuryamana, yaani kulalana, na gufata ku ngufu, kukamata kwa nguvu. Wakalimani waliyatafsiri yote kuwa ubakaji, na mahakama ikalazimika kuyachambua pamoja na muktadha wa kila ushahidi. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba kuryamana lina kiambishi kilekile cha kutendana, ilhali ni gufata ku ngufu pekee linalotaja shuruti waziwazi. Mahakama iliamua kutazama mazingira ya kulazimishwa badala ya kutegemea neno pekee.

Mahakama za Tanzania hukabili tatizo la aina hiyo. Mtoto husema "alinifanyia tabia mbaya", kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa adabu. Kwa upande mwingine, Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba kusema tu "alinibaka" hakutoshi. Ni lazima ushahidi uonyeshe kwamba kulikuwa na kuingiliwa, hata kama ni kidogo. Adhabu ya kosa hili huanzia kifungo cha miaka 30, hivyo uthibitisho makini ni haki ya mshtakiwa pia. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hatua moja ya tafsiri imepungua. Iliyobaki ni ile ya kutoka lugha ya nyumbani na ya staha kwenda Kiswahili cha sheria.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ubakaji ndilo neno linalofaa zaidi kati ya yaliyochambuliwa, kwa sababu linamtaja mtenda bila kumpaka mtendewa uchafu wala kumfanya mshirika. Chagulaga linahitaji kuingizwa katika kamusi na katika mafunzo ya polisi, maofisa ustawi wa jamii na walimu wa Msalala, likiambatana na maelezo ya mazingira yake na si tafsiri ya "kuchagua" peke yake. Msichana wa Bugarama anapolitamka neno hilo mbele ya dawati la polisi, anayemsikiliza anapaswa kuuliza: je, alikuwa na uwezo wa kukataa wote?