Je, wajua nyasi za kikuyu huficha maua yao?

Pita asubuhi na mapema kwenye ua wenye nyasi za kikuyu mjini Nakuru, siku chache baada ya kukatwa, na huenda ukadhani sakitu ya kule kwenye baridi ya Molo imeteremka usiku. Nyasi zina weupe wa rangi ya fedha. Piga goti uangalie. Ni nyuzi nyembamba mno, kila moja imebeba chavua kwenye ncha. Ua lenyewe hulioni, maana limejikunja ndani ya ala ya jani, karibu kabisa na udongo.

Hapo ndipo ujanja wao ulipo. Mbegu hukomaa chini, ng'ombe akila au mashine ikikata juu. Tena nyasi zikikatwa ndipo huchanua zaidi. Mashina yao hutambaa juu ya ardhi na mengine chini yake, na kila kifundo kinaweza kutoa mizizi. Ng'ombe akimeza mbegu, nyingine hutoka nzima kwenye samadi na kuota mbele ya safari.

Asili yao ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kwa hiyo Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, ziko kwao. Mwanzoni mwa karne ya 20 nyasi hizi zilifikishwa Afrika Kusini kutoka kando ya Ziwa Naivasha. Australia ilipata zake kutoka Kongo mwaka 1919. California ilizipanda kuzuia mmomonyoko wa udongo, na leo serikali ya Marekani imeziorodhesha kuwa gugu hatari. Hata hivyo, klabu ya Riviera mjini Los Angeles, itakayoandaa gofu ya Olimpiki ya 2028, viwanja vyake vimetandikwa nyasi hizi hizi ambazo sisi huzifyeka kando ya barabara bila kuzitazama mara mbili!

Ukitaka kuzipanda, ngoja mvua ndefu, Machi au Aprili. Udongo wa volkeno wa huku haukai na maji, basi changanya kwanza samadi iliyooza vizuri. Iliyo mbichi itakuletea magugu. Kata vipando vyenye vifundo viwili au vitatu, ufukie kifundo kimoja, na uache shibiri moja kati ya kipando na kingine.

Kazi kubwa huja baadaye, nayo si kuzilea bali kuzizuia. Zikate mara kwa mara zibaki sentimita 4 au 5, wala usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkupuo mmoja. Ukizisahau mwezi mzima wakati wa mvua, mashina hurundikana hadi ukikanyaga unahisi godoro, na siku ukizikata utabaki na ua wa kahawia.

Hazipendi kivuli. Chini ya miti panda nyasi za Pemba, usijisumbue. Na kama una sukuma wiki jirani, chimba mfereji wa kina cha shibiri katikati. Shina likivuka, ling'oe siku hiyo hiyo, na usilitupe mbichi kwenye lundo la mboji: kifundo kimoja kikipata unyevu, kitaota.