Mnana Akiwa Kazini

Sogeeni, wajukuu zangu, niwasimulie habari za fundi mnayempita kila siku mkienda shule. Ni mnana dume. Mwili wake wa manjano, kichwa cheusi, macho mekundu, na kelele zake zinaanza alfajiri kwenye minazi na migunga, hasa iliyo karibu na maji.

Mvua zikianza, huingia kazini. Hutua juu ya jani la mnazi, akaling'ata ukingoni, kisha akaruka nalo mdomoni. Jani likachanika uzi mrefu. Uzi huo huufunga nchani mwa tawi jembamba, mahali ambapo nyoka atapata taabu kufika. Husuka kitanzi cha mviringo, akasimama ndani yake, na papo hapo akasuka ukuta wa mbele na wa nyuma mpaka kiota kikamilike, mlango ukitazama chini. Mikono hana. Ana mdomo na miguu tu.

Nyumba ikiisha, posa huanza. Dume huning'inia mlangoni kichwa chini, akipigapiga mbawa na kuita. Jike huja, akaingia, akavutavuta nyuzi kupima uimara wake. Akiridhika hubaki na kutandika nyasi laini. Asiporidhika huenda zake, na kiota kikishakauka hakuna jike atakayekitaka tena. Basi dume hukibomoa mwenyewe, akaanza kingine kibichi palepale.

Mtaniuliza, babu, haya yote yanaonekanaje? Kwa kukaa. Chagueni mti mmoja wenye viota, mketi mbali kidogo, jua la asubuhi likiwa mgongoni mwenu. Mwanzoni ndege watawapigia kelele za hofu. Wakirudi kwenye kazi yao, hapo ndipo mtoe simu au kamera.

Lengeni jicho. Jicho likitoka wazi, picha ina uhai hata kama bawa limefifia. Bonyezeni mfululizo anapochana jani, kwa kuwa tendo lile ni la kufumba na kufumbua. Simu ikimwonyesha ndege mdogo ndani ya mti mkubwa, iacheni picha hivyo hivyo. Atakayeitazama atajua anaishi wapi. Mkikutana na dume wa ndege aitwaye chozi kwenye maua, mzungukeni polepole kwa macho kwanza: kivulini anaonekana mweusi, akigeukia jua anang'aa, maana rangi zile hutokana na jinsi mwanga unavyopiga manyoya yake.

Lakini msikunje tawi ili kupiga picha makinda. Mama akiogopa kurudi, makinda hubaki na njaa, na kunguru akipata nafasi huwachukua.

Mkipata safari ya shule kwenda Manyara, Nakuru au Bogoria, mtawaona heroe, wale ndege warefu wa waridi. Rangi yao hutokana na chakula wanachochuja majini kichwa kikiwa chini juu. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki, karibu wote, huzaliana Ziwa Natron, na kila jike hutaga yai moja tu juu ya kichuguu cha tope. Wapo watu wanaowakimbilia au kuwapigia makofi ili waruke wote kwa pamoja, wapate picha ya mbawa. Picha ya namna hiyo mimi siitaki ukutani kwangu. Ndege amenyimwa mlo wake ili mtu afurahi kwa dakika moja.

Kila mmoja wenu awe na daftari. Aandike tarehe, mahali, na ndege alikuwa akifanya nini, kwa sababu picha peke yake haisemi hayo. Mbayuwayu wanaotoka Ulaya huanza kufika kwetu mnamo Septemba na huondoka kufikia Aprili. Mwaka huu ukimwona wa kwanza, andika siku hiyo, kisha uje unionyeshe.