Ganzi ya mishipa ya fahamu yapunguza makali ya upasuaji wa mguu

Tarehe 24 Novemba 2022, mashabiki waliofurika katika uwanja wa Lusail, kaskazini mwa Doha nchini Qatar, walimshuhudia Neymar akitolewa huku kifundo cha mguu wake wa kulia kikiwa kimevimba. Brazil iliifunga Serbia mabao 2-0, lakini nyota huyo alikosa mechi mbili zilizofuata. Mwezi Machi 2023, baada ya kuumia tena kifundo hicho hicho akiichezea Paris Saint-Germain, alifanyiwa upasuaji wa kano katika hospitali ya Aspetar mjini Doha.

Kwa yeyote anayepasuliwa kifundo, awe mwanasoka mashuhuri au kibarua wa ujenzi, mtihani mkubwa ni usiku wa kwanza. Ili kumpunguzia mgonjwa maumivu, hospitali nyingi duniani hutumia sindano ya ganzi inayolenga mishipa ya fahamu. Daktari wa usingizi, akiongozwa na picha za altrasaundi, hudunga dawa kama bupivakeini nyuma ya goti, karibu na mshipa unaoteremka hadi kwenye unyayo. Mara nyingi huongezwa sindano ya pili kwa ajili ya upande wa ndani wa kifundo.

Kwa kawaida ganzi hiyo hudumu saa 12 hadi 24. Katika muda huo mgonjwa huhitaji kiasi kidogo cha dawa za jamii ya mofini, ambazo huleta kichefuchefu na usingizi mzito.

Hata hivyo, ganzi ina mwisho wake. Mgonjwa anayelala bila kumeza vidonge kwa sababu hasikii chochote, huenda akaamka usiku wa manane na maumivu makali. Ndiyo maana madaktari husisitiza kuwa vidonge vianze kumezwa kabla ganzi haijaisha, kwa saa zilizopangwa.

Wakenya na Waganda wengi wanafanya kazi Qatar, na baadhi yao huishi mabwenini mbali na jamaa. Anayerudi huko baada ya upasuaji amwombe mwenzake amkumbushe saa ya dawa. Asiukanyagie mguu wenye ganzi bila magongo, wala asiusogeze karibu na moto. Maumivu yakizidi licha ya dawa, vidole vikibadilika rangi, au ganzi ikipita siku mbili, arudi hospitali bila kuchelewa.