Kufikia Ukomo kwa Cheo cha Erli Kitchener: Nafasi ya Hati ya Kifalme katika Urithi wa Ukabaila

Cheo cha Erli Kitchener wa Khartoum kilifikia ukomo Desemba 2011, ingawa ukoo wenyewe ulikuwa bado na wazao. Uerli ni daraja la tatu kati ya madaraja matano ya ukabaila wa Uingereza. Urithi wake hautegemei wosia wala ridhaa ya ndugu. Hutegemea maneno ya hati ya kifalme iliyoanzisha cheo.

Horatio Herbert Kitchener, ambaye mwaka 1885 aliteuliwa katika tume ya kuchunguza mipaka ya milki ya Sultani wa Zanzibar huku bara, alipanda ngazi kwa vita. Ushindi wa Omdurman ulimpatia ubaroni mwaka 1898. Vita vya Afrika Kusini vikampatia uvaikaunti mwaka 1902. Na Julai 1914 akawa Erli. Hakuoa wala hakupata mtoto. Ubaroni, ambao ungeweza kurithiwa na wazao wake wa kiume tu, ulikufa naye tarehe 5 Juni 1916, manowari ya Hampshire ilipozama karibu na visiwa vya Orkney. Uerli ulinusurika kwa sharti maalumu: asipoacha mwana wa kiume, cheo kingewaendea binti zake, wasipokuwepo, kingemwendea kaka yake Henry na wazao wa kiume wa kaka huyo.

Hivyo hati ilimfungulia mlango binti ambaye hakuzaliwa kamwe, ikawafungia mabinti wote wa upande wa kaka. Henry, aliyekaribia miaka 70, akawa Erli wa pili. Kwa kuwa mwanawe alimtangulia kufariki, mwaka 1937 cheo kilimwangukia mjukuu wa miaka 18. Huyu naye hakuoa. Mdogo wake wa kiume alifariki mwaka 1982 akiacha binti. Kwa nasaba, binti huyo ni kitukuu halali wa Erli wa pili. Kwa hati, hakuwamo. Mumewe, mwandishi Julian Fellowes, alilalamika hadharani hata kabla ya Erli wa tatu kufariki. Mwaka 2012 Malkia Elizabeth II alimpa binti huyo hadhi ya mtoto wa erli, yaani nafasi katika itifaki tu, cheo hakikufufuka. Sheria ya mwaka 2013 iliyoondoa kipaumbele cha wanaume katika urithi wa kiti cha enzi haikugusa vyeo vya makabaila.