PICHA YA KIELELEZO HUDAI MWANGA ULIOPIMWA

Askari anayepiga picha ya bastola iliyokamatwa hatafuti sifa ya usanii. Anataka hakimu, ambaye hakuwapo siku ya msako, aione bastola ile kama ilivyo na asome namba yake bila kubahatisha. Namba isiposomeka, mshtakiwa hupata mwanya, na jasho la wenzetu likapotea bure. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu, wanajeshi na polisi, misingi ya kumulika kitu na kupima mwanga kwa kamera ya filamu.

Ni kweli kwamba kamera za dijitali zimeenea kote. Hata hivyo filamu ingali ikitengenezwa, na negativu ni kitu cha kushikika, kihifadhikacho miaka mingi. Tena filamu ni mwalimu mkali: haionyeshi kosa papo hapo. Inapokuja kusafishwa, huenda kielelezo kimekwisha kuondolewa. Mpigapicha hana budi kufikiri kabla ya kubonyeza.

Studio haihitaji fahari. Chumba cha kawaida katika mtaa wa Kinindo, kusini mwa Bujumbura, chatosha, mradi kuta zake ziwe nyeupe, kwani ukuta wa rangi hukitia kitu rangi yake. Ziwa Tanganyika liko magharibi. Dirisha linaloelekea huko halipigwi na jua asubuhi, na mwanga wake huwa laini. Alasiri jua huingia moja kwa moja na vivuli huwa vikali. Hapo tundika shuka jeupe dirishani.

Kila kitu kina mwanga wake. Namba iliyochongwa katika chuma hutaka taa ya ubavuni, iliyowekwa chini, ili mwanga upite kwa mshazari na kila mchongo upate kivuli chake. Chuma king'aacho kisimulikwe uso kwa uso: weka karatasi nyeupe ipitishayo mwanga kati yake na taa, mbali na joto la balbu. Chupa ya kioo imulikwe kutoka nyuma, ndipo kingo zake zionekane. Na tukumbuke kwamba umbali wa taa ukizidishwa mara mbili, mwanga hupungua hadi robo.

Sasa tuje kwenye kipimo. Kipimamwanga hakijui kinachopigwa picha. Hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Bastola nyeusi ikiwa juu ya shuka jeupe, kipimo hudanganywa na weupe, kikaamuru mwanga mdogo, na bastola ikawa doa jeusi. Dawa yake ni kupima kadi ya kijivu iliyowekwa mahali pa kielelezo. Kadi ikikosekana, pima shuka peke yake, kisha ongeza hatua mbili, yaani kutoka f/16 hadi f/8. Halafu piga picha mbili zaidi, moja ya hatua moja juu na moja ya hatua moja chini. Negativu huvumilia mwanga uliozidi kidogo, lakini kivuli kisichopata mwanga hakiokoki. Filamu ya slaidi ni kinyume chake: mwanga ukizidi, picha hufutika.

Ukikisogelea kitu hata picha yake kwenye filamu ikalingana nacho kwa ukubwa, filamu hupata robo tu ya mwanga. Kipimo cha mkononi hakilijui hilo. Ongeza hatua mbili. Filamu ya rangi iliyotengenezwa kwa mwanga wa mchana, ikitumiwa chini ya balbu za studio za Kelvin 3200, hugeuza kila kitu kuwa manjano. Filta ya buluu ya 80A hurekebisha, nayo hula hatua mbili nyingine. Kamera ikae juu ya miguu mitatu, sambamba na kielelezo.

Mwishoni mwa karne ya 19 Alphonse Bertillon wa polisi ya Paris aliweka utaratibu wa picha zenye vipimo. Nasi tuweke rula kando ya kielelezo, na tuandike daftarini tarehe, mahali na namba ya negativu. Wakili atakapouliza, daftari litajibu.