Mnara wa Coney Island Unaongoja Abiria

Kwa zaidi ya miaka 80 mnara wa Parachute Jump umesimama ufukweni Coney Island, kusini mwa Brooklyn katika jiji la New York, na kwa takriban 60 ya miaka hiyo haujamshusha mtu hata mmoja. Ni chuma kitupu chenye urefu wa karibu mita 80, kilichopakwa rangi nyekundu, na kileleni kina mikono 12 iliyotandazwa pande zote. Wenyeji huuita Mnara wa Eiffel wa Brooklyn. Usiku huwashwa taa za rangi zinazoonekana kutoka mbali, na watu hupiga picha. Wengi wao wana swali moja, na ni swali ambalo wazee wa mtaa huo wamekuwa wakiuliza tangu enzi za ujana wao: utafunguliwa lini tupande?

Ili kuelewa kwa nini watu wanakitamani kitu kilichofungwa kabla hata baadhi yao hawajazaliwa, inafaa kujua kilivyofanya kazi. Watu wawili walikalishwa bega kwa bega kwenye kiti cha turubai, wakafungwa mkanda. Juu yao palining'inia mwavuli mkubwa, umekwisha kufunguliwa, ukishikiliwa na pete ya chuma ili usijikunje. Winchi ikaanza kuvuta. Safari ya kupanda ilichukua karibu dakika nzima, na hapo ndipo palipokuwa na utamu wenyewe na mateso yenyewe: bahari upande mmoja, mapaa ya Brooklyn upande wa pili, miguu inaelea, na hakuna la kufanya ila kungoja. Kileleni kifaa kikajifyatua ghafla. Kwanza mwili ulidondoka kama jiwe, kisha mwavuli ukajaa upepo, na sekunde chache baadaye shokomzoba za chini zikapokea kiti kwa kishindo. Nyaya nane za chuma ziliuzunguka kila mwavuli kuuzuia usipeperuke ukagonga mnara. Yote yaliisha kabla mtu hajamaliza kupiga ukelele vizuri.

Chimbuko lake halikuwa burudani. James Strong, afisa mstaafu wa jeshi la majini la Marekani, aliubuni katika miaka ya 1930 kwa ajili ya kufundishia askari wa miavuli, baada ya kuvutiwa na minara ya mbao iliyotumika Urusi. Alijenga minara ya majaribio shambani kwake Hightstown, New Jersey, na raia waliokuwa wakipita wakaanza kumwomba nao wajaribu. Strong akaona biashara. Akaongeza kiti cha pili, akapanua mwavuli ili mteremko uwe wa polepole, na mwaka 1939 mnara wake mkubwa ukasimamishwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, wilaya ya Queens, ukidhaminiwa na kampuni ya peremende za Life Savers. Mtu mzima alilipa senti 40, mtoto senti 25.

Visa havikuchelewa. Mwezi Julai mwaka huohuo mume na mke walikwama katikati ya anga kwa saa tano, nyaya zimesokotana, huku umati ukiwakodolea macho kutoka chini. Walipoteremshwa walikwenda zao nyumbani, na kesho yake wakarudi kupanda tena. Mwaka uliofuata watu wengine wawili walifunga ndoa huko juu, mchungaji na bendi wakiwa wamening'inizwa kando yao kwenye viti vya miavuli mingine. Naamini mapenzi ya New York kwa mnara huu yalianzia pale. Mashine iliyowatesa watu saa tano nayo ikawavuta warudi asubuhi yake ina kitu ambacho matangazo hayawezi kukinunua.

Maonyesho yalipokwisha, ukoo wa Tilyou ulikuwa ukitafuta kivutio kipya. George Tilyou alianzisha bustani ya burudani ya Steeplechase hapo Coney Island mwaka 1897, na moto wa Septemba 1939 ulikuwa umeteketeza sehemu yake. Wanawe walinunua mnara kwa dola 150,000, wakaufungua vipande, wakauhamishia ufukweni na kuufungua kwa umma mwaka 1941. Katika miaka yake mizuri ulipandwa na watu hadi nusu milioni kwa mwaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, taa za ufukweni zilipopunguzwa ili meli zisionekane na nyambizi za Wajerumani, Parachute Jump iliendelea kufanya kazi.

Lakini hesabu zake zilikuwa mbaya tangu mwanzo, na jambo hili wapenzi wake huwa hawapendi kuambiwa. Kila mwavuli ulihitaji wafanyakazi watatu wa kuuendesha. Upepo ukivuma kidogo tu mnara ulifungwa, na ufukwe wa Atlantiki hauishiwi upepo. Kwa hiyo siku nyingi za msimu mishahara ililipwa na tiketi hazikuuzwa. Bustani nyingine za Coney Island zilishaanza kufa, watu wenye magari walikimbilia fukwe za mbali zaidi, na Septemba 1964 Steeplechase ikafunga milango yake.

Aliyenunua kiwanja alikuwa Fred Trump, mjenzi wa majumba ya kupangisha na baba wa Donald Trump. Alitaka kujenga maghorofa pale, na alifahamu kwamba mtaa ungepigania majengo ya zamani. Mwaka 1966 aliandaa karamu akawaalika wageni warushe matofali kwenye vioo vya ukumbi mkuu wa Steeplechase, ule uliokuwa na uso mkubwa unaocheka. Ukumbi ukabomolewa kabla mtu yeyote hajapata nafasi ya kuulinda kisheria. Kibali cha maghorofa hakikupatikana, na mwaka 1969 jiji likakinunua kiwanja.

Mnara ulinusurika, na si kwa sababu ulipendwa. Jiji liliuweka mnadani mwaka 1971, na hakujitokeza mnunuzi hata mmoja. Kuubomoa nako kungegharimu fedha ambazo New York ya miaka ile, iliyokuwa ikielekea kufilisika, haikuwa nazo. Basi ukabaki umesimama, ukila kutu, vijana wakipanda mifupa yake usiku kwa kushindana ubishi. Julai 1977 Tume ya jiji ya kuhifadhi majengo ya kihistoria iliutangaza kuwa alama inayolindwa. Miezi mitatu baadaye bodi iliyokuwa juu ya Tume ikaifuta hadhi hiyo, kwa hoja kwamba chuma kile kilichakaa na hakuna wa kukigharimia. Ilibidi ingojwe hadi Mei 1989 ndipo hadhi ikarudishwa na kudumu.

Tangu hapo fedha zimekuwa zikitoka, tena nyingi. Katika miaka ya 1990 mnara uliimarishwa na kupakwa rangi. Mwaka 2002 sehemu yake ya juu ilifunguliwa, vyuma vibovu vikabadilishwa, ukapakwa nyekundu na kuunganishwa upya, kwa gharama ya dola milioni 5. Mwaka 2006 ukawekewa taa. Watu walinung'unika kwamba taa ni hafifu, akiwemo Marty Markowitz aliyekuwa kiongozi wa Brooklyn, na mwaka 2013 zikafungwa taa mpya za LED zipatazo 8,000 kwa dola milioni 2. Yalifanyika hata mashindano ya wasanifu majengo kuhusu banda la kujengwa miguuni pake, na mapendekezo zaidi ya 800 yalipokewa kutoka nchi mbalimbali. Mshindi alitangazwa. Banda halikujengwa.

Kila mara fedha zilipotajwa, matumaini ya kupanda yaliamka, na kila mara yalilala tena kwa sababu zilezile. Norman Kaufman, aliyekodi kiwanja cha Steeplechase na kuweka mashine zake za burudani katika miaka ya 1970, aliota kuufufua, jiji likamwondoa. Horace Bullard, mfanyabiashara aliyetajirika kwa kuuza kuku wa kukaanga, alikuja na mpango wa Steeplechase mpya yenye mnara unaofanya kazi. Mpango ukakokotwa karibu miaka kumi kisha utawala wa meya Rudy Giuliani ukauzika. Mahali pake pakajengwa uwanja wa besiboli, uliofunguliwa mwaka 2001.

Bullard huyohuyo alimiliki Thunderbolt, treni ya burudani iliyokimbia juu ya reli za mbao tangu 1925, na iliyojengwa juu ya nyumba ambamo watu waliishi kwelikweli. Watazamaji wa filamu wanaikumbuka: ndiyo nyumba inayotikisika kwenye Annie Hall ya Woody Allen. Thunderbolt ilifungwa mwaka 1982, majani yakaifunika. Haikuwa na hadhi ya kulindwa. Asubuhi moja ya Novemba 2000, wakati uwanja wa besiboli ukijengwa jirani, jiji lilipeleka matingatinga likaibomoa kwa madai kwamba ingeanguka wakati wowote. Miaka mitatu baadaye baraza la mahakama liliamua kwamba ubomoaji ule haukuwa na haki. Uamuzi ulikuwa mtamu, lakini mbao zilikwisha kupelekwa jalalani.

Sasa itazame Cyclone, iliyo umbali mfupi kwa miguu kutoka hapo. Nayo ni treni ya reli za mbao, imefunguliwa Juni 1927, na mteremko wake wa kwanza una urefu wa karibu mita 26, mkali kiasi kwamba abiria huinuka kwenye kiti. Inasimuliwa kwamba mwaka 1948 mchimba makaa ya mawe aliyekuwa bubu kwa miaka kadhaa aliipanda, akashuka, akasema kwamba anajisikia vibaya, kisha akazimia kwa mshtuko wa kusikia sauti yake mwenyewe. Atakaye na aamini. Ambacho hakina ubishi ni kwamba katika miaka ya 1970 jiji lilikusudia kuing'oa ili kupanua jumba la viumbe vya baharini, wananchi wakapiga kelele, na mwaka 1975 familia ya Albert, wenye bustani ya Astroland, wakakubali kuikodi. Walitumia dola 60,000 hivi kuikarabati, na Julai ikaanza kukimbia. Hadhi ya kulindwa ilikuja mwaka 1988, miaka 13 baadaye, wakati Cyclone ilikwisha kujilinda yenyewe kwa tiketi. Hadi leo ni mali ya jiji inayoendeshwa na mpangaji, na kila majira ya baridi mafundi huingia humo kubadilisha mbao na reli zilizochoka.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya watetezi wa Parachute Jump, ingawa nawaelewa. Wao wamepigania hadhi, na hadhi wameipata. Lakini sheria ya kuhifadhi hulinda umbo. Haimlazimishi mtu kuweka grisi kwenye winchi, wala haimlipi mfanyakazi wa tatu wa kushika breki. Jiji limechagua taa kwa sababu taa haina bima ya abiria, haisimamishwi na upepo, na haiwezi kumwacha mtu akining'inia saa tano. Mhasibu yeyote angechagua vivyo hivyo. Nisichokubaliana nacho ni kuliita jambo hilo ufufuo.

Wanaosema kwamba haiwezekani kabisa nao wana la kujibu. Jeshi la Marekani lilichukua minara ya aina hiyohiyo, ya karibu mita 76, ikasimamishwa Fort Benning katika jimbo la Georgia wakati wa Vita Kuu ya Pili, na vizazi vya askari vimeangushwa kutoka humo. Chuma, waya na mwavuli bado vinatii kanuni zilezile. Kilichobadilika ni masharti: kuufanya mnara wa 1939 ukubaliwe na wakaguzi wa leo maana yake ni mifumo mipya ya breki, viti vipya vya kufungia mwili, na kompyuta badala ya mtu wa kushika wenzo. Pengine baada ya hayo kitakachobaki cha zamani ni mifupa tu. Mimi ningekubali. Mwavuli mmoja kati ya 12 ungetosha, siku za upepo tulivu, kwa foleni ndefu na bei ya juu.

Tena mfano upo palepale miguuni. Mwaka 2005 jiji lilinunua B&B Carousell, bembea ya farasi wa mbao wa kuzunguka, kwa dola milioni 1.8, wakati wenyewe walipokuwa karibu kuiuza kwa vipande. Farasi walipelekwa Ohio, wakakwanguliwa tabaka baada ya tabaka la rangi, wakapakwa upya. Mwaka 2013 bembea ikafunguliwa kando ya mnara, na watoto wanaipanda. Hakuna aliyependekeza iwekewe taa na kuzungushiwa kamba.

Kwa Parachute Jump kazi ya kwanza ni kumpata mwendeshaji atakayetia saini. Vyuma vibovu vimekwisha kubadilishwa na mnara umepakwa rangi upya. Jiji lingeweza kutangaza zabuni ya mwavuli mmoja kwa misimu kumi, likabeba lenyewe sehemu ya bima, na kuona nani atajitokeza. Mwaka 1971 liliunadi mnara mzima na hakuja mtu. Halijawahi kuuliza bei ya kiti kimoja.