Je, Wajua? Kaboni Ghorofani Buxton

Je, wajua kwamba uzi wa kaboni ulianza kazi ndani ya balbu? Mwaka 1879 Thomas Edison aliunguza uzi wa pamba mpaka ukabaki kaboni tupu, akaupitishia umeme, ukawaka. Mwaka uliofuata akahamia mianzi ya Japani. Nyuzi hizo zilitoa mwanga tu, hazikuweza kubeba kitu. Zenye nguvu za kutisha ziligunduliwa na Roger Bacon huko Marekani mwaka 1958, na muda mfupi baadaye Akio Shindo wa Osaka akaonyesha kuwa zaweza kutengenezwa kwa akriliki.

Akriliki ipi? Ndugu yake ile ya masweta ya mtumba yaliyotandazwa Kongowea, Mombasa, ng'ambo ya daraja la Nyali. Huokwa kwanza hewani, kwenye nyuzi joto 200 hadi 300, kisha hupitishwa kwenye joto la zaidi ya 1,000 pasipo oksijeni. Mchoma makaa anayefukia tanuri lake kwa udongo ana hila iyo hiyo: moto hunyimwa hewa ili kaboni ibaki. Kwa hiyo usijisumbue, uzi hautengenezwi nyumbani. Unanunua kitambaa kilichokwisha fumwa, kazi yako ni kukinywesha gundi ya epoksi juu ya kalibu.

Je, wajua kwamba alama ya 3K kwenye kitambaa hicho ina maana ya nyuzi 3,000 katika kila fungu linalofumwa? Kila uzi una unene wa mikroni 5 hadi 7. Unywele wako ni mnene mara kumi hivi.

Je, wajua kwamba kaboni ilichangia kuifilisi Rolls-Royce? Mapanga ya kaboni ya injini yake ya eropleni, RB211, yalishindwa jaribio la kugongwa na ndege wa manyoya mwaka 1970, yakabadilishwa kwa titani, na Februari 1971 kampuni ikaanguka mikononi mwa serikali. Muongo mmoja baadaye, 1981, McLaren waliingiza uwanjani MP4/1, gari la kwanza la Formula 1 lenye kiunzi cha kaboni. John Watson aligonga nalo vibaya kule Monza mwaka uo huo, akashuka kwa miguu yake. Na eropleni za Dreamliner za Kenya Airways, ya kwanza ikiwa ya mwaka 2014? Karibu nusu ya uzito wake ni vitu vya jamii hii.

Sasa tuje Buxton, mtaa wa Mombasa. Fundi wa Mombasa aliyezoea boti za faibaglasi anajua nusu ya kazi. Nusu ya pili ndiyo itakayomponza. Resini ya poliesta inamruhusu kucheza na hadena: jua kali, anapunguza matone, akiwa na haraka, anaongeza. Epoksi haina mchezo huo. Kila molekuli ya resini inatafuta mwenzake wa hadena, na kipimo kilichoandikwa koponi ndicho hicho hicho, kaskazi na kusi. Ukizidisha hadena haigandi upesi, inabaki laini na yenye kunata, pengine milele. Nunua mizani ya jikoni ya gramu kabla ya kununua kitambaa. Kwa macho hupimi.

Je, wajua kwamba kila nyuzi joto 10 zikiongezeka, muda wa kufanya kazi na epoksi hupungua kama nusu? Kopo lililoandikwa dakika 30 limepimwa kwenye chumba cha nyuzi 20 au 25 za ughaibuni. Mchana wa Februari Mombasa una nyuzi 32. Halafu epoksi ikiganda hutoa joto lake yenyewe, na ikiwa imerundikana kikombeni joto hilo halina pa kutokea: kikombe kinatoa moshi mkononi mwako. Dawa ni kuimwaga mara moja kwenye sinia pana, na kuanza kazi baada ya swala ya alfajiri.

Masika nayo ina vituko vyake. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, hadena nyingi huacha utando wa mafuta juu ya kazi. Ukipaka tabaka jingine juu yake, litabanduka. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sponji kwanza, kisha ndiyo msasa.

Je, wajua kwamba katika kukandamiza kitambaa Mombasa inaishinda Nairobi? Wengi hufunga kazi ndani ya mfuko wa plastiki na kufyonza hewa, ili uzito wa anga wenyewe ukandamize kitambaa kwenye kalibu. Hapa usawa wa bahari uzito huo ni kama tani 10 kwa kila mita mraba. Nairobi, mita 1,700 hivi juu, hupata kama asilimia 80 tu ya huo. Pampu si lazima iwe ya ajabu, ile ya fundi wa friji na AC inatosha.

Vumbi ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Nyumba za zamani za Buxton zimebomolewa, yakapanda maghorofa, na ghorofani baraza yako iko pua kwa pua na ya jirani. Vumbi la kaboni huwasha ngozi, halifai mapafuni, na hupitisha umeme, kwa hiyo likiingia kwenye TV au kompyuta laweza kuiunguza. Kata na kusugua kwa maji, nje, ukiwa na barakoa ya chujio. Glovu za naitrili ni lazima: mwili ukishaikataa epoksi, mzio huo kwa kawaida haukuachi tena. Na mikono isisafishwe kwa thina, sabuni na maji vinatosha.

Je, wajua kwamba kaboni hula alumini? Vikigusana penye chumvi na unyevu huwa kama betri, na alumini ndiyo inayolika. Kwa boti ya Tudor Creek hilo si jambo la kinadharia. Tia tabaka moja la faibaglasi katikati.

Epoksi iliyogandia kwenye joto la chumba huanza kulegea kwenye nyuzi 50 au 60, na kitu cheusi juani hufika huko bila tabu. Kioche baadaye kwa joto la polepole, kingali kwenye kalibu, kisha kipake vanishi ya kuzuia jua.

Wa kuanza aanze na kipande bapa. Kioo cha dirisha, tabaka tano sita za nta ya magari, kitambaa cha gramu 200 mara nne: unapata bamba la karibu milimita 1. Madigadi ya pikipiki yatafuata. Usukani, breki na kiti cha mtoto, hapana, si kwa kazi ya nyumbani.

Na kava ya simu? Kaboni huzuia mawimbi ya redio. Utakuwa na simu nzuri isiyopatikana.